Saa Hamsini na Tatu za Opereta Namba Saba

Viongozi wa dini, wazee wetu, majirani, wageni wote mliotoka karibu na mbali, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kusoma historia ya marehemu bibi yetu, mimi mjukuu wake wa tatu, mwenye umri wa miaka kumi na saba, na najua baadhi yenu mnajiuliza wakubwa wameenda wapi mpaka kazi hii apewe mtoto. Wakubwa wapo, wamekaa mstari wa mbele, na wao wenyewe ndio walionipa ruhusa, baada ya siku tatu za kutoelewana ambazo sitazificha. Karatasi iliyoandikwa kwanza na kamati ilikuwa nusu ukurasa, na kuhusu kazi ya bibi yetu ilikuwa na mstari mmoja tu, uliosema kwamba aliwahi kufanya kazi ofisini kwa muda mfupi, kisha akawa mama wa nyumbani. Muda mfupi huo, ndugu zangu, ni miaka kumi na tisa na miezi minne, nami nilikataa kuusoma mstari huo mbele ya jeneza lake.

Jina lake kamili mnalo kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni. Mtaani wengi mlimwita Bibi Vifungo, kwa sababu ndiye aliyewashonea watoto wenu sare za shule kwa zaidi ya miaka thelathini, na vifungo vyake havikung'oka hata sare ilipokwisha kuchakaa, lakini sina hakika kama wapo watu kumi humu ndani wanaojua kabla ya vifungo hivyo alikuwa nani.

Bibi alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1944, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa mpakia mizigo wa stesheni na mkewe, na dada yake mkubwa alikuwa akisema kwamba kilio chake cha kwanza kilizima honi ya kiwanda, ingawa dada huyo naye, Mungu amrehemu, hakuwa mchoyo wa chumvi.

Alianza shule ya msingi Januari 1952 na kumaliza darasa la nane Desemba 1959, akiwa wa pili katika darasa la watoto arobaini na mmoja, na wa kwanza, kama alivyopenda kutukumbusha, alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu. Alipokuwa na miaka kumi na minne alikuwa akimpelekea baba yake chakula stesheni, na siku moja bwana stesheni akamruhusu asikilize simu, akamwekea chombo sikioni, akasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Namba tafadhali," kwa utulivu ambao hakuwahi kuusikia kwa mtu yeyote nyumbani kwao, ambako watu wanane waliishi vyumba viwili na kila neno lilisemwa kwa kelele. Bibi hakuwahi kumwona mwanamke huyo wala kulijua jina lake maisha yake yote, lakini mwaka jana alituambia kwamba kuanzia siku hiyo alijua anataka kuwa nani, akawa anajifungia chooni kufanya mazoezi ya kusema namba tafadhali, mpaka baba yake akauliza kama mtoto huyu ana homa.

Alichukua mafunzo ya uopereta kwa miezi sita mwaka 1963, na Jumatatu tarehe 3 Februari 1964 akaanza kazi katika kituo cha simu cha mji, jengo la ghorofa moja karibu na daraja, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu bila kuelewa kazi ilivyofanywa hamtaelewa kwa nini nina hasira. Chumba cha maopereta kilikuwa ghorofani, na ubao wa simu ulichukua ukuta mzima, una matundu na vitaa vidogo, kila kitaa ni simu ya mtu, kikiwaka opereta anachomeka waya, anauliza namba, anachomeka waya wa pili kwa anayetafutwa, na watu wawili wanaongea. Maopereta walikuwa saba, na hawakuitwa kwa majina bali kwa namba za viti vyao, Bibi akiwa Namba Saba, kiti cha mwisho karibu na dirisha. Kila simu iliandikwa kwenye daftari la zamu kwa kalamu ya risasi, saa, anayepiga, anayepigiwa, muda, maelezo, na namba ya opereta, na zamu ikiisha Meneja alipita akatia sahihi chini ya kila ukurasa kwa wino wa kijani, ambao yeye peke yake aliruhusiwa kuutumia. Sahihi hiyo haikuwa na maana kwamba ameunganisha simu hata moja, ilikuwa na maana kwamba ameuona ukurasa, kama mwalimu anavyoweka tiki kwenye daftari la mwanafunzi.

Tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa na babu yetu, fundi seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni, na wakajaliwa watoto wawili, mjomba wangu, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1967, na mama yangu mzazi, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1971. Baadaye walipata wajukuu wanne, ambao Bibi alitutania bila kuchoka, mimi akiniita mke mwenzake kwa sababu eti nilimrithi Babu uzembe wa kutoosha kikombe, na nilipokuwa na miaka minane nikahamia kulala chumbani kwake, kitanda changu upande huu na chake upande ule, katikati ikiwa cherehani.

Sasa nafika Jumanne, tarehe 17 Aprili 1973. Wazee mnaikumbuka siku hiyo kuliko mimi, kwamba mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na saa tatu asubuhi tuta la mto likakatika, maji yakaingia mji wa chini, na wengi wenu mlibebwa mgongoni kupelekwa shule ya mlimani. Saa tano kasoro dakika kumi, Meneja alipiga simu kituoni kutoka nyumbani kwake, ambako ni mlimani pia, akaamuru ubao uzimwe na wote waondoke, na maopereta sita wakaondoka, wala Bibi hakuwahi kuwalaumu, walikuwa na watoto, na maji yalikuwa yamefika ngazi ya tatu. Yeye alikuwa ameshavaa koti, mkoba uko begani, alipoona kitaa cha hospitali kinawaka, akasema moyoni, hii moja halafu naenda, akachomeka, na muuguzi akamwambia kwamba wodi ya wazazi imezingirwa na maji na mkunga yuko ng'ambo. Alipochomoa hiyo, vilikuwa vimewaka vitaa kumi na vinne.

Alikaa pale kuanzia saa tano asubuhi ya Jumanne mpaka saa kumi jioni ya Alhamisi, yaani saa hamsini na tatu, akaunganisha simu mia nne na kumi na mbili, hospitali kwa wenye mitumbwi, kambi ya zimamoto kwa stesheni, shule ya mlimani kwa maghala ya unga, wagonjwa kwa madaktari, na watu waliopotezana kwa watu waliowatafuta. Betri za kituo zilikuwa chini, na bila betri ubao wote ni mbao tu, kwa hiyo yeye na mlinzi wa kituo walizipandisha ghorofani moja baada ya nyingine, betri ishirini na nne, maji yakiwa kiunoni, na tindikali ikamwagikia mkono wake wa kulia kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Kovu hilo sisi wajukuu tuliambiwa kuwa ni mafuta ya jikoni. Mlinzi huyo, aliyefariki mwaka 1989 na ambaye hakuna mtu aliyemsomea historia yoyote, ndiye aliyekuwa akimgusa bega kitaa kikiwaka yeye amesinzia, na Bibi aliniapisha kwamba nikisimulia habari hii popote nisimwache nje, kwa hiyo simwachi.

Maji yalipopungua, Meneja alirudi kazini Ijumaa tarehe 20 Aprili, viatu vikavu, akakuta daftari limejaa, akakaa mezani akatia sahihi kurasa zote kwa mpigo mmoja kwa wino wake wa kijani. Tarehe 2 Mei, Bibi akapewa barua ya onyo, ninayo hapa, inasema kwamba amekaidi amri halali ya mkuu wake wa kazi ya kufunga kituo, na kwamba amehamisha mali ya kampuni, yaani betri ishirini na nne, bila idhini ya maandishi. Tarehe 28 Mei, siku ishirini na sita baadaye, Meneja akavishwa nishani uwanjani kwa kukilinda kituo cha simu wakati wa mafuriko, na Namba Saba alikuwa kazini saa hiyo, akiunganisha simu za watu waliokuwa wanampigia Meneja kumpongeza.

Sisemi kwamba Meneja alidanganya, marehemu hasimami kujitetea na mimi nimefundishwa adabu, na inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyemuuliza swali lolote. Waliofanya utafiti wa kitabu cha watoto kuhusu mashujaa miaka mingi baadaye walifungua daftari, wakaona sahihi moja chini ya kurasa zote, wakaona tarakimu saba imejirudia mara mia nne kwenye safu nyembamba ambayo hakuna aliyewaeleza ni ya nini, wakaandika kwamba Meneja aliketi peke yake kwenye ubao kwa siku tatu. Lakini mtu aliyevikwa kilemba si chake akajua si chake, akakaa nacho kichwani miaka thelathini mpaka akazikwa nacho, hilo nalo lina jina lake, na ninawaachia ninyi mlitafute.

Bibi aliendelea na kazi mpaka tarehe 30 Juni 1983, ilipoletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe na maopereta wote wakaambiwa asanteni, akanunua cherehani, na sikio lake la kushoto, lililokuwa na chombo miaka yote hiyo, likawa limekwisha kazi pia, ndiyo maana mkimsalimia upande huo mlidhani ana maringo.

Nyumbani nako hakupata wa kumsifu. Siku ile ya mafuriko Babu alimbeba mama yangu kifuani na mjomba begani mpaka shule ya mlimani, wakakaa huko siku tatu katika darasa lenye watu sitini, na mjomba, aliyekuwa na miaka mitano, alimlilia mama yake mpaka sauti ikamkauka. Babu hakulisahau hilo, kwa miaka mingi alisema kwamba mkewe ameolewa na simu, akisema kwa utani ambao haukumchekesha yeyote, na mama mkwe akaongeza kwamba mwanamke anayewaacha wanawe kwenye maji ana moyo wa namna gani. Ikawa jambo lisilozungumzwa, kila mtu analijua na kila mtu anapiga kimya, na ndivyo miaka kumi na tisa ya kazi ilivyogeuka kuwa muda mfupi.

Sasa nijitaje mwenyewe, maana katika aibu hii nami nina fungu langu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka 2019, tulisoma shuleni somo la mashujaa, na mwalimu wa historia akatuambia kila kijana lazima awe na mtu wa kumuiga, mtu mkubwa, akatupa orodha, na mimi nikachagua watano, malkia wa zamani aliyekataa kupiga magoti, daktari wa kike wa kwanza, mkimbiaji, mwanahesabu, na katikati yao Meneja wa Mafuriko, kwa sababu alikuwa wa mji wetu. Nikakata picha zao, nikazibandika ukutani juu ya kitanda, ile ya Meneja nikaitafutia na fremu. Jioni nilikuwa nikimsomea Bibi kwa sauti habari ya Meneja aliyeketi peke yake, aliyezipandisha betri kwa mikono yake, ambaye hakufumba jicho, naye Bibi alikuwa upande wa pili wa cherehani anatia uzi kwenye sindano, akisikiliza kwa sikio lake zima, na mara moja tu alinisahihisha, nilipokosea idadi, akasema, "Betri zilikuwa ishirini na nne, mke mwenzangu, siyo ishirini," nami nikafungua kitabu nikakuta kweli imeandikwa ishirini na nne, nikamuuliza umejuaje, akasema aliwahi kusikia mahali. Kila Jumamosi alifuta vumbi chumba kizima, na fremu ya Meneja aliifuta pia. Alilala mbele ya picha hiyo miaka mitatu, waombolezaji wenzangu, na mimi ndiye niliyemning'inizia.

Mwaka 2022 shule ilitangaza shindano la insha juu ya mtu tunayemchukulia kuwa mfano wa kuigwa, nami kwa kiherehere changu nikaenda mpaka kwenye stoo ya kampuni ya simu kuomba kuona daftari lenyewe, na mtunza stoo, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanitolea sanduku, akaniruhusu nipige picha kila ukurasa kwa simu yangu. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikaona mwandiko wa lebo za makopo ya jikoni kwetu. Ni mwandiko ambao nimeusoma kila siku ya maisha yangu, sukari, chumvi, dawa za Bibi asubuhi mbili, na saba yake imekatwa katikati kwa kamstari, na kitone kidogo chini ya kila saa, kama anavyoweka anapoandika vipimo vya sare. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo ile, na mama wa miwani akaniletea maji.

Nilirudi nyumbani nikamkuta anashona vifungo, nikamwekea simu mbele, nikamuuliza hii ni nini. Aliitazama, akasema, "Mwandiko ulikuwa mzuri siku hizo." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, kwa nini aliniacha nimtundike yule bwana juu ya kichwa changu kama mjinga, nikasema na mengine ambayo mtoto hamwambii bibi yake, na yeye akasubiri nimalize, kisha akanijibu hivi, "Sasa ulitaka nikuambie nini, kwamba mtu wako alikuwa mlimani anakunywa chai? Ulikuwa unaamka mwenyewe kusoma. Hakuna aliyekuwa anakuamsha. Nikaona, akitumika kwa hilo, si haba, acha atumike." Picha niliibandua siku hiyohiyo, na yeye akaitaka fremu, akaweka humo patani ya kola, karatasi ya kipimo anayokatia kitambaa.

Niliiandika insha upya. Iliporudi ilikuwa na sifuri na maneno mawili ya wino mwekundu, siyo historia, na nilipokwenda ofisini nikaelezwa kwa upole kwamba shindano linahusu watu wakubwa, kwamba bibi kila mtu anaye, na kwamba nikibadilisha mhusika nitapewa nafasi nyingine. Sikubadilisha. Niliandika barua nne kwa kampuni ya simu kati ya Novemba 2022 na Agosti mwaka huu, nikaambatanisha picha za kurasa, onyo, na makopo ya jikoni, na nilijibiwa mara moja, sentensi moja, kwamba kumbukumbu za kampuni zinaonyesha sahihi ya Meneja. Watu wazima wenye ofisi na viyoyozi wameshindwa kutofautisha kalamu ya risasi na wino wa kijani, na bado wanatufundisha sisi vijana kwamba tusome kwa bidii ili tuwe kama wao.

Bibi alianza kuvimba miguu mwezi Julai, akatibiwa kwa kwenda na kurudi, na tarehe 12 Septemba 2023 akalazwa hospitali ya mji kwa maradhi ya moyo, wodi ya wanawake, kitanda namba kumi na tisa. Wodi hiyo, kwa taarifa yenu, imepewa jina la Meneja, limeandikwa juu ya mlango kwa herufi za shaba, na Bibi alipopitishwa chini yake kwenye kiti cha magurudumu aliinua macho akasema, "Alinikalia ukutani, sasa nimelazwa ndani yake," akacheka mpaka muuguzi akamkataza kwa ajili ya moyo. Mimi sikucheka. Ni hospitali ileile ambayo kitaa chake kilimvua koti, ipo leo na wodi zake kwa sababu alichomeka waya, na wameshindwa hata kumwandika kwenye daftari la wagonjwa kwamba ni opereta mstaafu, wameandika kazi, hana. Alitutoka Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa na siku ishirini na nane, mama yangu akiwa amemshika mkono wenye kovu.

Imebaki habari ya siku tatu za kutoelewana. Mjomba wangu ndiye aliyeandika ile nusu ukurasa, na nilipoisoma nilimjibu vibaya, mbele ya kamati, nikamwambia anamzika mama yake mara mbili, na yeye, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akaniambia, "Wewe unajua habari ya daftari. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nimekaa sakafuni nalia, na mama yangu anaongea na mji mzima isipokuwa mimi. Kila mtu alipigiwa simu." Akatoka nje. Hilo lilikuwa kweli, au hivyo ndivyo sote tulivyodhani, na kwa kuwa sikupata usingizi wala amani niliamua angalau kuzipitia zile picha za daftari, ukurasa kwa ukurasa, simu zote mia nne na kumi na mbili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, kwa maana na mimi nilikuwa natafuta shujaa tu, sikuwa nasoma.

Simu ya mia moja sabini na moja iko Jumatano tarehe 18 Aprili 1973, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Katika safu ya anayepiga, mahali ambapo kwenye simu nyingine zote pana namba ya mteja, ameandika saba, na katika safu ya opereta ameandika saba. Anayepigiwa ni shule ya mlimani, ofisi ya mwalimu mkuu. Muda, dakika moja. Katika safu ya maelezo ameandika, binafsi, watoto wawili, wapo. Hakuna nyingine ya namna hiyo katika daftari zima, na mpaka leo hatujui kwa nini mwalimu mkuu hakumwambia mtoto aliyekuwa analia kwamba ameulizwa, pengine shule ilikuwa imejaa, pengine alisahau, na kwa nini Bibi mwenyewe hakujitetea hata siku moja ndani ya nyumba yake kwa miaka hamsini ni jambo ambalo, nisamehe Bibi, linanikasirisha na wewe pia. Nilimpelekea mjomba simu yangu asubuhi, alikuwa anapanga viti. Aliusoma mstari huo, akauliza kama unaweza kukuzwa uwe mkubwa zaidi, nikaukuza, akausoma tena, akaenda kukaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, na baada ya muda akaniita akaniambia historia nisome mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kumwita Namba Saba kila alipompa dawa, tunawashukuru majirani kwa viti, kuni, maji na mikono yenu, tunawashukuru wateja wake wa sare, na tunawashukuru maopereta wenzake wawili walio hai, Namba Mbili na Namba Tano, ambao wamekuja leo wakiwa wameshikiliwa na wajukuu zao. Mama wa miwani wa stoo, umefanya kazi yako kuliko wakubwa zako, asante. Kwa kampuni ya simu, ambayo imetuma mwakilishi wake, bwana wa suti ya kijivu mstari wa tatu, shada lenu tumelipokea kwa kuwa maua hayana kosa, lakini utepe ulioandikwa mfanyakazi wetu mpendwa tumeukata, mtaupata mlangoni mkitoka, tutaupokea siku mtakayotuletea barua ya kufuta onyo la tarehe 2 Mei 1973, na kitabu cha watoto kikiwa kimesahihishwa, jina lake na la mlinzi yakiwa ndani yake. Barua ya tano ninaiandika Jumatatu.

Ule mstari mmoja wa kamati kuhusu kazi ya marehemu, mjomba wangu ameukata mwenyewe jana kwa kalamu ya risasi, akaandika mwingine juu yake, na kwa kuwa ameniambia hataweza kuusoma, nausoma mimi kama ulivyo. "Mama alikuwa opereta wa simu. Wakati wa mafuriko alikaa kazini saa hamsini na tatu. Aliuliza kama nipo."

Bibi yetu, pumzika sasa kwa amani.